Klia ngumu, klia laini: Jinsi ya kung'arisha gari bila kulichuna ngozi

GARI linalong'aa hupendeza macho na kupandisha bei. Ndiyo maana wauzaji wengi wa magari yaliyotumika hupenda kuyapiga polishi kabla ya mnunuzi kuyatupia jicho, na wenye magari nao huyapeleka kwa fundi pindi rangi inapoanza kufifia.

Hata hivyo, wengi hawafahamu kwamba mashine ya kung'arishia hufanya kazi yake kwa kuondoa sehemu ya rangi. Kila inapopitishwa, utando wa juu wa gari hupungua, na utando huo haumei tena kama ngozi ya mtu. Ukishaisha, dawa pekee ni kupaka rangi upya, kazi ambayo gharama yake ni mara nyingi zaidi ya ile ya kung'arisha.

Hatari hii huwa kubwa zaidi fundi anapokutana na rangi sumbufu. Kuna rangi ngumu ambazo hukataa kuachilia mikwaruzo hata zisuguliwe vipi. Kuna nyingine laini kupita kiasi, ambazo hukwaruzwa upya na kitambaa kile kile kinachozipangusa. Katika hali zote mbili, fundi asiyejua tofauti huongeza nguvu, na nguvu hiyo ndiyo humaliza utando.

Makala haya yanaeleza jinsi utando huo ulivyo, namna ya kutambua aina yake, na hatua za kufuata ili gari ling'ae leo na liendelee kung'aa miaka ijayo.

UTANDO WENYEWE NI NINI

Magari ya zamani yalipakwa rangi ya aina moja kuanzia chini hadi juu, na rangi hiyo hiyo ndiyo iliyosuguliwa ikang'aa. Mnamo 1923, kampuni ya General Motors ya Marekani ilianza kutumia rangi ya Duco, iliyotengenezwa na DuPont, katika magari yake ya Oakland ya mwaka wa 1924. Sifa yake kuu ilikuwa kukauka kwa saa chache, ilhali rangi zilizoitangulia zilichukua siku nyingi, hata majuma.

Kuanzia miaka ya 1980, watengenezaji wengi walihamia mfumo wa tabaka mbili. Kwanza hupakwa rangi yenyewe, ambayo ikikauka huwa haina mng'ao. Juu yake hupakwa utando angavu usio na rangi, ambao mafundi wetu huuita klia. Mng'ao tunaouona kwenye gari la kisasa hutoka kwenye klia hiyo.

Bodi ya gari linalotoka kiwandani huwa na tabaka nne kwa kawaida. Ya kwanza hupakwa kwa kutumbukiza bodi nzima ndani ya rangi na kupitisha umeme, ili kuzuia kutu. Ya pili ni praima, ya tatu ni rangi, na ya nne ni klia.

Unene wa tabaka zote kwa pamoja huwa takriban mikroni 100 hadi 150, na baadhi ya magari ya Kijapani hupungukiwa hata na hapo. Mikroni 1 ni sehemu moja ya elfu ya milimita. Karatasi ya kawaida ya kuchapishia ina unene wa mikroni 100 hivi. Kwa hivyo, kinga yote ya bati la gari lako, kuanzia tabaka la kuzuia kutu hadi klia, inakaribia unene wa karatasi moja au moja na nusu.

Klia peke yake aghalabu huwa mikroni 35 hadi 50. Huo ni unene mdogo kuliko wa unywele mmoja wa binadamu.

Ndani ya klia mna viambato vinavyonyonya miale ya urujuanimno kutoka kwa jua. Viambato hivyo huhitaji unene ili vifanye kazi. Klia ikipunguzwa sana, miale hupenya hadi kwenye rangi iliyo chini, rangi huanza kuachana na klia, kisha klia hubanduka vipande vipande kama ngozi ya nyoka. Dosari hii huanzia zaidi kwenye paa na boneti, sehemu ambazo hupigwa na jua mchana kutwa.

MIKWARUZO HUONDOKAJE

Mkwaruzo ni mfereji mdogo kwenye klia. Mwanga unapoupiga, hutawanyika badala ya kurudi moja kwa moja, na jicho huona mstari. Mikwaruzo mingi midogo iliyozagaa kila upande huonekana kama utando wa buibui unaolizunguka jua au taa. Kwa kweli mikwaruzo hiyo haiko katika mviringo; ni ile tu iliyolala kwa pembe fulani kuelekea mwanga ndiyo inayomeremeta.

Kuuondoa mfereji huo kuna maana ya kupunguza klia yote iliyo kando yake hadi ilingane na kina chake. Mkwaruzo wenye kina cha mikroni 2 hudai mikroni 2 za klia kutoka eneo zima.

Kung'arisha kwa kawaida huondoa mikroni 1 hadi 3, na kusugua kwa msasa huondoa zaidi ya hapo. Hesabu hiyo yaonekana ndogo. Lakini chukua mfano wa gari lililopigwa polishi kabla ya kuuzwa mnadani Japani, likapigwa tena na muuzaji wa Nairobi, kisha likapigwa kila mwaka na mwenyewe kwa miaka 6. Hizo ni mara 8. Ikiwa kila mara zilitoka mikroni 3, basi mikroni 24 zimekwisha kwenda, nayo klia ilianza na 40 tu. Chovya chovya, walisema wahenga, humaliza buyu la asali.

KWA NINI RANGI HUTOFAUTIANA

Klia hutengenezwa kwa chembechembe ndefu ambazo hushikana zinapokauka na kuunda wavu. Wavu ukiwa na vifungo vingi, klia huwa ngumu. Ukiwa na vifungo vichache, huwa laini na yenye kunyumbulika. Watengenezaji huchagua kati ya sifa hizo mbili kulingana na malengo yao, kwa maana kila moja ina faida na hasara yake.

Mwishoni mwa 2003, kampuni ya Mercedes-Benz ilianza kutumia klia yenye chembe ndogo mno za aina ya seramiki ili istahimili mikwaruzo ya mashine za kuoshea magari. Klia hiyo haikwaruziki kwa urahisi. Lakini ikikwaruzika, huwatoa jasho wanaotaka kuirekebisha.

Nissan ilichukua njia nyingine. Mnamo 2005 ilitangaza klia yenye utomvu wa kunyumbulika, ambayo mikwaruzo midogo huweza kujifunga yenyewe baada ya muda, hasa palipo na joto.

Kwa jumla, mafundi wa kung'arisha huyaona magari mengi ya Ujerumani, kama vile Audi, Volkswagen na Mercedes-Benz, kuwa na klia ngumu, na mengi ya Japani, kama vile Honda na Subaru, kuwa na klia laini. Lakini hii si sheria. Magari mawili ya jina moja yanaweza kutofautiana kutegemea kiwanda, mwaka na rangi.

Aidha, gari lililopakwa rangi upya gereji huwa na klia tofauti kabisa na ile ya kiwandani. Kiwandani, bodi huokwa kwa joto la nyuzi 130 hadi 140 za selsiasi kabla ya kufungwa viti na nyaya. Gereji haiwezi kutumia joto hilo kwa sababu plastiki zingeyeyuka. Huishia nyuzi 60 hivi, na gereji nyingi za jua kali hutegemea hewa tu. Klia ya namna hiyo hukomaa polepole, na inaweza kubaki laini na yenye kunata kwa majuma kadhaa.

Yapo pia magari yasiyo na klia hata kidogo. Toyota nyingi nyeupe zenye nambari ya rangi 040 zilipakwa rangi ya tabaka moja. Vivyo hivyo rangi nyeusi ya Toyota yenye nambari 202, ambayo inafahamika sana kwa ulaini wake. Nambari ya rangi huandikwa kwenye kibati kilichobandikwa ndani ya chumba cha injini au kwenye fremu ya mlango.

Namna ya kutambua rangi ya tabaka moja ni rahisi. Paka polishi kidogo kwenye kitambaa safi cha rangi tofauti na ya gari, kisha sugua mahali padogo pasipoonekana. Kitambaa kikishika rangi ya gari, hakuna klia hapo. Kisiposhika, unachosugua ni klia.

JUA, VUMBI NA NDEGE

Mazingira yetu huongeza ugumu wa kazi hii. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari na karibu na Ikweta. Miale ya urujuanimno inayolipiga gari hapa ni mikali kupita ile ya Japani, ambako magari yetu mengi hutoka. Klia iliyopunguzwa kwa uzembe huko isingelia haraka; hapa italia.

Vumbi la barabara za murami nalo ni mchanga laini. Mtu anayepangusa vumbi kwa kitambaa kikavu asubuhi kabla ya kwenda kazini analisugua gari lake kwa msasa bila kujua. Katika vituo vingi vya kuoshea magari, kitambaa kilichotoka kuosha magurudumu huhamia kwenye boneti, na sabuni ya unga iliyokusudiwa nguo huondoa nta yote iliyokuwa ikiikinga rangi.

Pwani, maji ya visima yana chumvi, na yakikauka juani huacha madoa meupe ambayo huila klia. Kinyesi cha ndege pia kina asidi. Madereva wanaoegesha chini ya miti ya Nairobi wanapotua korongo aina ya marabou wanaijua adha hiyo. Kinyesi kikikaa juani kwa saa chache, huacha kovu ambalo halitoki kwa kuosha. Huenda kovu hilo likawa refu kuliko klia inayoweza kuondolewa kwa usalama.

KABLA YA KUWASHA MASHINE

Kazi nzuri huanza kwa maji. Osha gari kwa sabuni ya magari, kisha ondoa lami na utomvu wa miti kwa dawa yake. Baada ya hapo, pitisha udongo maalumu wa kusafishia rangi huku pamelowa, ili kung'oa chembe za chuma na uchafu ulionata. Ukipitisha kiganja juu ya rangi na kuhisi chengachenga, udongo huo bado una kazi.

Hatua ya pili ni kupima. Kuna kifaa kidogo cha kupimia unene wa rangi ambacho huwekwa juu ya bati na kutoa jibu kwa mikroni. Kifaa hicho husoma jumla ya tabaka zote. Hakiwezi kuitenga klia. Aidha, vifaa vya kawaida havifanyi kazi kwenye bampa za plastiki.

Pima kila sehemu mara kadhaa na uandike. Kipimo cha 110 katika gari zima, kisha 75 kwenye ukingo wa boneti, ni onyo kwamba hapo palikwisha kusuguliwa sana. Kipimo kinachozidi 200 aghalabu huashiria kwamba sehemu hiyo ilipakwa rangi upya. Kikifika mamia kadhaa, kuna uwezekano mkubwa kwamba chini yake mna fila iliyoziba bonde.

Mnunuzi wa gari kutoka Japani anaweza kulinganisha vipimo hivyo na karatasi ya mnada. Katika karatasi hizo, herufi A huonyesha mkwaruzo, U huonyesha bonde, W huonyesha sehemu iliyorekebishwa, na X huonyesha sehemu inayohitaji kubadilishwa. Gari lenye alama R au RA huwa limewahi kurekebishwa baada ya ajali.

Hatua ya tatu ni kufunika. Bandika utepe wa karatasi kwenye kingo za milango, mikunjo ya bodi, mpira wa madirisha na plastiki nyeusi. Klia huwa nyembamba zaidi kwenye kingo, na mashine hukaza nguvu yake yote hapo. Sekunde chache zatosha kufikia rangi.

Mwisho, lete taa. Mwanga wa taa yenye nguvu iliyoshikwa kwa pembe huonyesha mikwaruzo ambayo kivuli cha gereji huificha. Ukipitisha ukucha na ukanasa kwenye mkwaruzo, basi mkwaruzo huo ni mrefu mno. Usiufukuze hadi mwisho. Lainisha kingo zake ili usimeremete sana, kisha uache.

JARIBIO DOGO HUTOA JIBU

Kanuni kuu ya kazi hii ni moja: anza na njia ya upole kuliko zote, kisha panda ngazi inapobidi tu.

Chagua eneo la sentimita 40 kwa 40 kwenye boneti au mlango. Weka sponji laini na polishi nyepesi, ukapite mara nne kwa mwendo wa taratibu. Pangusa, mulika taa, utazame.

Mikwaruzo ikiwa imetoka na pamebaki mng'ao safi, umeshapata njia yako. Ikiwa mikwaruzo haikutikisika, klia ni ngumu. Badilisha sponji kwanza, kisha polishi. Ikiwa mikwaruzo ya zamani imetoka lakini pamebaki ukungu au mistari mipya, klia ni laini. Ikiwa polishi imefanya madonge na kukataa kupanguka, klia inanata.

Badilisha kitu kimoja tu kwa wakati mmoja. Fundi anayebadilisha sponji, polishi na kasi kwa pamoja hatajua ni kipi kilichomsaidia.

MASHINE NA SPONJI

Mashine ziko aina mbili kuu. Ya kwanza huzunguka katika duara moja tu. Hukata haraka na ndiyo iliyozoeleka gereji, lakini hutoa joto jingi na huacha mistari ya hologramu mikononi mwa asiye na uzoefu. Ya pili huzunguka huku ikiyumba, na kwa hivyo husambaza joto. Ni salama zaidi kwa anayejifunza na hutosha kwa kazi nyingi.

Mwenye mashine ya kuyumba achore mstari kwa kalamu ya wino mzito nyuma ya sponji au kwenye sahani yake. Mstari huo ukionekana kusimama wakati wa kazi, sponji imeacha kuzunguka kwa sababu umeikandamiza mno au umeilaza vibaya.

Viringo vya manyoya hukata kuliko vyote. Vya maikrofaiba hufuata, kisha sponji ngumu, na mwisho sponji laini. Kampaundi huwa na chembe kali za kukatia, mara nyingi za oksidi ya alumini, nayo polishi ya kumalizia huwa na chembe ndogo zaidi. Zipo kampaundi ambazo chembe zake huvunjikavunjika na kulainika kadiri zinavyosuguliwa. Hizo zinahitaji muda wake kamili. Nyingine chembe zake hazibadiliki. Soma maagizo ya chupa ujue uliyo nayo ni ipi.

KLIA NGUMU

Kosa linalofanywa na wengi ni kuikimbilia karatasi ya msasa. Klia ngumu inahitaji muda kuliko ukali.

Tumia kiringo cha maikrofaiba au sponji ngumu pamoja na kampaundi. Punguza eneo la kazi, ongeza mgandamizo kidogo, na usogeze mkono polepole, takriban sentimita 2 hadi 3 kwa sekunde. Pita mara nne hadi sita, kila mstari ukifunika nusu ya ule uliotangulia.

Safisha kiringo baada ya kila eneo kwa brashi au kwa hewa ya kompresa. Vumbi la klia iliyokatwa likijaa kwenye nyuzi, kampaundi huacha kukata na fundi hudhani kwamba rangi imeshindikana. Uwe na viringo vya kutosha. Gari moja lenye klia ngumu laweza kuhitaji vinne au zaidi.

Pima unene kila baada ya hatua na ugusa bati kwa kiganja. Ikiwa huwezi kuuacha mkono hapo kwa utulivu, joto limezidi. Hamia kwingine upoe. Baada ya kukata, rudi na sponji laini pamoja na polishi ya kumalizia ili kuondoa ukungu ulioachwa na kampaundi.

KLIA LAINI NA ILE INAYONATA

Hapa mambo hugeuka. Klia laini hukatika bila taabu, lakini kuimaliza ikabaki safi ni kazi ya subira. Tatizo huwa kubwa zaidi kwenye rangi nyeusi, ambako kila kasoro huonekana.

Tumia sponji laini kabisa na polishi nyepesi. Acha uzito wa mashine ufanye kazi, na katika mapito mawili ya mwisho ishike mashine kana kwamba unataka kuinyanyua. Punguza kasi. Badilisha sponji mapema, kwa sababu hata chembe chache za rangi iliyokauka zatosha kuacha mistari.

Kupangusa nako kuna adabu yake. Kitambaa kiwe kipya, kinene na chenye nyuzi ndefu, nacho kipitishwe bila kukandamizwa. Kitambaa kilichoanguka chini kisirudi kwenye gari.

Klia inayonata husumbuliwa na joto. Inapopata moto hulainika, na vumbi lake huchanganyika na polishi likawa ulimbo. Fanya kazi kivulini, asubuhi bodi ingali baridi, na hasa ikiwa uko Mombasa au Kisumu. Tumia matone matatu au manne ya polishi yasiyozidi ukubwa wa punje ya njegere, upite mara chache, kisha upanguse mara moja. Iwapo gari lilipakwa rangi upya hivi karibuni, huenda jibu la busara likawa kusubiri. Muulize aliyepaka, na ufuate muda uliowekwa na mtengenezaji wa klia hiyo.

MAHALI PA KUSIMAMA

Klia iliyokwisha kubanduka haing'arishwi. Mpaka mweupe unaouona kati ya sehemu iliyobanduka na ile iliyosalia utazidi kupanuka ukiusugua. Vivyo hivyo nyufa ndogondogo zilizo ndani ya klia. Fundi mwaminifu atamwambia mteja ukweli huo kabla ya kupokea pesa.

Wataalamu wengi hushauri klia ya kiwandani isipunguzwe zaidi ya mikroni chache katika maisha yake yote, wengine wakitaja 8 hadi 10 kuwa kikomo. Kwa hivyo, lengo la kuondoa kila mkwaruzo kwenye gari la kila siku halifai. Ukiondoa mikwaruzo minane kati ya kumi, gari litapendeza, na klia itabaki ya kulihudumia gari hilo siku za usoni.

MNG'AO WA KWELI NA WA UONGO

Baadhi ya polishi zina mafuta na viambato vinavyojaza mikwaruzo badala ya kuiondoa. Gari hung'aa siku ya kununuliwa, kisha mikwaruzo yote hurejea baada ya kuoshwa mara mbili au tatu.

Njia ya kubaini ni kupangusa sehemu ndogo kwa alkoholi ya isopropili iliyochanganywa na maji, sehemu 1 ya alkoholi kwa 4 za maji, kisha kumulika taa. Mikwaruzo ikijitokeza, ulichokiona kilikuwa mafuta. Usitumie alkoholi kali isiyochanganywa, wala usijaribu jambo hili kwenye rangi mbichi.

Suala hili linamhusu kila mnunuzi. Kanuni za Kenya haziruhusu kuingizwa nchini kwa magari yaliyotumika ambayo yamepitisha miaka 8 tangu mwaka wa kusajiliwa kwa mara ya kwanza. Gari linaloshushwa Mombasa, kwa hiyo, laweza kuwa limekwisha kupita mikononi mwa wang'arishaji kadhaa. Mng'ao wake haukuambii ni klia kiasi gani iliyobaki. Kifaa cha kupimia kitakuonyesha sehemu zilizosuguliwa kupita nyingine, na ni haki ya mnunuzi kuomba gari lipimwe kabla ya kulipa.

AFYA YA FUNDI

Vumbi la kampaundi na la klia halifai kuvutwa mapafuni, na matone yanayoruka huumiza macho. Fundi avae barakoa, miwani na vizibo vya masikio. Waya wa mashine upitishwe begani, mbali na maji yaliyosalia sakafuni.

Anayepulizia klia mpya anakabiliwa na hatari kubwa zaidi. Kigumishi cha klia nyingi za gereji kina kemikali aina ya isosayaneti, ambazo husababisha pumu kwa wanaozivuta. Barakoa ya kitambaa haizizuii. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka wa 2007 inamtaka mwajiri awape wafanyakazi wake vifaa vya kujikinga, na gereji ya jua kali haikuachwa nje ya wajibu huo.

BAADA YA KUNG'ARISHA

Klia iliyotoka kung'arishwa haina kinga. Ipake nta, au kinga ya sintetiki ambayo hudumu miezi kadhaa, au ile ya seramiki ambayo hudumu zaidi ikipakwa vyema. Kinga hizi hupunguza madoa na kurahisisha kuosha, lakini hakuna hata moja inayozuia mikwaruzo yote, licha ya matangazo yanavyodai.

Kuanzia hapo, usalama wa klia uko kwenye ndoo. Tumia mbili, moja ya sabuni na nyingine ya kusuuzia kitambaa. Ondoa vumbi kwa maji mengi kabla ya kugusa bodi. Osha kutoka paa kwenda chini, na magurudumu yawe na kitambaa chake. Kinyesi cha ndege kiloweshwe na kuondolewa siku hiyo hiyo.

Gari linalooshwa hivyo laweza kukaa miaka mingi bila kuhitaji mashine tena, zaidi ya kupakwa nta. Akiba haiozi, na mikroni ambayo haikusuguliwa leo ndiyo itakayolikinga gari dhidi ya jua la kesho.